Nani Ameshika Rekodi? Jinsi Ofisi Zilivyochagua Kanzidata

Historia ya kanzidata husimuliwa kama ushindi wa wazo moja. Mwaka 1970 Edgar Codd, mwanahisabati Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyopendekeza data ipangwe katika majedwali, na anayeihitaji aeleze anachotaka bila kulazimika kujua kimewekwa wapi kwenye diski. IBM ikasuasua, vyuo vikuu vikajaribu, lugha ya SQL ikazaliwa, na baada ya miaka kama ishirini ikawa imeenea kila mahali. Hakuna uongo hapo. Tatizo ni kwamba masimulizi hayo yanatazama mambo kutoka maabara. Mhasibu mkuu wa mwaka 1975, meneja wa ghala wa mwaka 1986 na mganga mkuu wa kituo cha afya wa mwaka 2001 hawakuchagua programu kwa kupima nadharia. Walikuwa na mashine moja, au chache zilizounganishwa kwa kebo, na watu kadhaa waliotakiwa kuzitumia kwa pamoja tangu asubuhi. Swali lililowabana lilikuwa la kawaida kabisa: wawili wakitaka kugusa rekodi ileile kwa wakati mmoja, nani anaipata, mwenzake anaambiwa nini, na umeme ukikatika katikati ya kazi kinabaki nini? Ninachodai ni kwamba jibu la swali hilo ndilo lililoamua, kizazi hadi kizazi, programu ipi iingie ofisini na ipi ibaki vitabuni, na kwamba hata SQL yenyewe ilipita mlango huohuo.

Kabla ya kompyuta swali hilo lilikuwa limeshajibiwa, na jibu lilikuwa masijala. Faili la karatasi lina sifa ambayo hakuna aliyeihesabu kuwa sifa mpaka ilipopotea: haliwezi kuwa juu ya meza mbili. Likitoka masijala linaandikwa daftarini, jina la aliyelichukua na tarehe, na anayelitaka baadaye anaambiwa liko kwa Mkurugenzi, asubiri au alifuate huko. Ni utaratibu wa kuchosha, na watu wengi wamehangaikia haki zao kwa sababu faili limelala chini ya rundo la bosi, lakini ndani yake kuna ulinzi kamili: maofisa wawili hawawezi kuandika maamuzi tofauti kwenye ukurasa mmoja bila mmoja kuuona wa mwenzake. Kompyuta ya kushirikiana iliuondoa ulinzi huo kimyakimya. Chukua stoo yenye rimu 40 za karatasi. Karani wa kwanza anafungua rekodi, anasoma 40, anatoa 10. Kabla hajahifadhi, karani wa pili naye anafungua, anasoma 40 ileile, anatoa 5. Wa kwanza anahifadhi 30. Wa pili anahifadhi 35 juu yake. Kwenye rafu zimebaki rimu 25, kompyuta inasema 35, na kila karani alipiga hesabu sawasawa. Kosa la namna hii halipigi kengele. Hugunduliwa siku ya kuhesabu mali, na wa kwanza kushukiwa ni mtunza stoo.

Mashirika makubwa yalilitambua jambo hili mapema, kwa kuwa kwao lilikula fedha waziwazi. SABRE, mfumo wa kukatia tiketi ambao IBM na American Airlines waliukamilisha mwaka 1964, ulijengwa ili mawakala walio miji tofauti wauze viti vya ndege moja bila kiti kimoja kupata abiria wawili. Miaka minne baadaye ikaja IMS, ambayo IBM iliitengeneza pamoja na kampuni ya Rockwell ili kufuatilia orodha ndefu ya vipuri vya mradi wa Apollo. Data ndani ya IMS ilipangwa kama mti, kipuri kikubwa juu na vidogo chini yake. Wasomi waliukosoa mpangilio huo baadaye, na walikuwa na haki, maana swali lisilofuata matawi lilikuwa taabu kulijibu. Lakini benki na makampuni ya bima yaliyoichukua hayakuvutiwa na mti. Yalitaka mfumo ambao teminali nyingi zikituma kazi kwa pamoja utazipanga foleni, utaweka kumbukumbu ya kila badiliko, na ukianguka utajirudisha ulipokuwa. IMS ingali inafanya kazi leo, zaidi ya nusu karne baada ya nadharia kuishinda.

Ofisi ndogo hazikuwa na uwezo wa kununua kompyuta kuu, na hapa ndipo zinapoingia programu mbili ambazo vitabu vingi huzipitia juu juu. Katika Massachusetts General Hospital mjini Boston, kikundi cha Octo Barnett na Neil Pappalardo kiliandika MUMPS kati ya 1966 na 1967, kwa ajili ya mashine ndogo aina ya PDP-7. Ilikuwa lugha ya programu, mfumo endeshi na kanzidata kwa pamoja. Mwandishi wa programu akiweka alama ya kofia mbele ya jina la kigeu, data yake haikai tena kwenye kumbukumbu ya mashine. Inakwenda diskini na inaonekana kwa kila aliyeketi mbele ya teminali. Na kwa kuwa inaonekana kwa wote, kukawa na amri ya LOCK, ambayo muuguzi akifungua kadi ya mgonjwa, programu huitumia kuwafungia wengine kadi hiyohiyo na kuwaachia nyingine zote. Programu ya pili, Pick, ilitokana na kazi ya Dick Pick na Don Nelson katika kampuni ya TRW mwaka 1965, kwenye mradi wa helikopta ya kijeshi ya Cheyenne. Mapema miaka ya 1970 kampuni ya Microdata iliiuza kwa jina la Reality, ndani ya mashine ndogo iliyohudumia teminali kadhaa, na wenye maghala na wauzaji wa jumla wakaipenda. Hakuna kati ya hizi mbili iliyokuwa na majedwali ya Codd. Pick iliruhusu kisanduku kimoja kibebe majibu mengi, jambo ambalo kwa mfuasi wa Codd ni uchafu. Lakini zote zilitumika kwenye mashine ya kushirikiwa, kufuli likiwa sehemu ya lugha. MUMPS ilifanywa kiwango rasmi cha Marekani mwaka 1977, ikatumika katika hospitali za maveterani wa nchi hiyo, na Epic, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1979 ambayo mifumo yake imeenea katika hospitali kubwa za Marekani, ilijengwa juu yake.

Haya hayamaanishi kwamba wana nadharia walilala. Waliolifanya kufuli kuwa elimu ni wao. Ndani ya mradi wa System R, ambao IBM iliuanzisha San Jose ili kuyajaribu mawazo ya Codd, alikuwemo Jim Gray. Mwaka 1976 yeye na wenzake watatu walichapisha makala iliyoonyesha kwa hoja za kihisabati ni lini kazi za watu wengi zinazofanyika kwa pamoja hutoa matokeo yaleyale ambayo yangepatikana kama wangefuatana mmoja mmoja. Waliuliza pia swali ambalo mkuu wa ofisi angelielewa papo hapo: ufunge kiasi gani? Ukifunga jedwali zima, hesabu ni salama lakini makarani wote wanasubiri. Ukifunga mstari mmoja, wote wanaendelea, ila mashine inabeba mzigo wa kukumbuka maelfu ya makufuli. Kutoka swali la rimu 40 hadi makala hiyo kuna njia fupi kuliko inavyodhaniwa. Ila makala si bidhaa. Ingres, ambayo Michael Stonebraker na Eugene Wong waliianza Berkeley mwaka 1973, iliishi juu ya Unix, na Unix ya miaka ile, pamoja na sifa zake zote kama mfumo wa watu wengi, haikuwa na njia ya kawaida ya programu kufunga sehemu ya faili. Kiwango cha jambo hilo kilichokubaliwa na watumiaji wa Unix kilipatikana mwaka 1984 tu. Oracle iliuza toleo lake la kwanza mwaka 1979, nalo liliitwa toleo la 2 ili wanunuzi wasidhani ni jaribio. Lakini miamala ya kweli, ile inayokamilika yote au kufutika yote, ilikuja na toleo la 3 mwaka 1983, na ufungaji wa mstari mmoja mmoja ukasubiri toleo la 6 la mwaka 1988. Kwa hiyo aliyenunua Oracle mapema kwa uzuri wa majedwali alinunua nadharia kamili na ushirika nusu. Ofisi nyingi zilisubiri, na zilikuwa na akili kusubiri.

Wakati zikisubiri, kompyuta za mezani zikafika. Hapa ndipo hoja yangu inapokutana na mtihani mgumu, kwa sababu programu iliyotawala miaka ya 1980 haikujua ushirika wowote. Wayne Ratliff, mhandisi katika maabara ya Jet Propulsion huko California, aliandika programu aliyoiita Vulcan kwa ajili ya kompyuta yake ya nyumbani. Kampuni ya Ashton-Tate ikaichukua, ikaiita dBASE II, ikaiuza kwa bei ya orodha ya dola 695. Mtu mmoja, mashine moja, faili moja. Karani aliweza kutengeneza orodha ya wateja mchana mmoja bila kumwita mtaalamu, na kwa ofisi zilizokuwa zikisubiri idara ya kompyuta kwa miezi, hilo lilikuwa ukombozi. Lakini muda si mrefu orodha ya mchana mmoja ikawa orodha ya ofisi nzima. Diski laini zikaanza kutembea kati ya meza, na baada ya wiki moja kulikuwa na orodha tatu za wateja, kila moja ikidai ndiyo ya kweli. Hapo mtandao wa ofisi ukanunuliwa, mara nyingi NetWare ya Novell, na faili likahamishiwa kwenye seva. DOS ilikuwa imepata uwezo wa kushirikisha mafaili katika toleo la 3 la mwaka 1984, na mwaka uliofuata dBASE III PLUS ikaja na amri za mtandao.

Inafaa kuzitazama amri hizo kwa karibu, maana zinaonyesha mzigo ulihamia kwa nani. Mwandishi wa programu alianza kwa SET EXCLUSIVE OFF, yaani kukubali kwamba wengine nao wafungue faili. Kabla ya kubadili rekodi aliita RLOCK(). Jibu likiwa kweli, kufuli ni lake, na likiwa si kweli, mwingine ameshaishika. Kilichofuata kilikuwa juu yake. Asubiri sekunde ngapi? Ajaribu mara ngapi? Amwambie nini karani anayetazama skrini? Akisahau kuita RLOCK() sehemu moja tu, dBASE humkatiza mtumiaji kwa ujumbe wa kosa. Akiiita mapema mno, karani anayefungua rekodi na kwenda kula anaifunga mpaka arudi. Wengi waliogopa yote mawili wakatumia FLOCK(), inayofunga faili zima, na mtandao wenye mashine kumi ukawa masijala yenye daftari moja. Paradox ilipata sifa, baada ya Borland kuinunua mwaka 1987, kwa sababu iliweka makufuli yenyewe na kuonyesha kwenye skrini ya mtu mmoja mabadiliko ya mwenzake bila kuombwa. Walioiacha dBASE wakaenda Paradox hawakuwa wamegundua ghafla uzuri wa nadharia; walikuwa wamechoka kuandika vitanzi vya kusubiri.

Kulikuwa na ubovu mwingine wa ndani zaidi, ambao Paradox haikuuponya. Katika mtandao wa aina hii seva haijui kanzidata ni nini. Ni kabati tu. Kila kompyuta ya mezani inavuta vipande vya faili kupitia kebo, inavifanyia kazi kwenye kumbukumbu yake, kisha inavirudisha. Faili la DBF, yaani faili la data la dBASE, limeandikwa mwanzoni mwake idadi ya rekodi zilizomo, na faharasa zimekaa kwenye mafaili mengine pembeni. Karani akiongeza mteja, vyote hivyo vinapaswa kubadilika kwa pamoja. Sasa mashine yake ikizima katikati, kwa umeme au kwa mguu uliogonga swichi chini ya meza, rekodi inaweza kuwa imeandikwa na idadi haijabadilika, au idadi imebadilika na faharasa haijui. Mashine moja kati ya kumi imeanguka, na faili la wote kumi limeharibika. Ndiyo maana kila aliyetunza mfumo wa dBASE, au wa ndugu zake FoxPro na Clipper, alikuwa na programu ndogo ya kujenga upya faharasa, na makarani waliambiwa watoke wote kwanza. Waliochagua njia ya Xenix, Unix ya kompyuta ndogo, yaani kompyuta moja yenye nguvu ya aina ya PC AT iliyofungwa teminali za bei nafuu kwa waya, hawakupata tatizo hilo kwa namna hiyo: programu zote zilikimbia ndani ya mashine moja, na teminali ikizimwa hakuna kilichokatwa nusu njia diskini isipokuwa programu iandikwe vibaya. Informix ya Roger Sippl, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1980, ilikulia katika mazingira hayo. Ilikosa mvuto wa skrini za rangi, lakini kwa ofisi yenye makarani wanane wanaoandika oda kutwa, nadhani ilikuwa chaguo bora kuliko mtandao.

Mpinzani atauliza: je, si bei tu iliyoamua? dBASE ilienea kwa kuwa ilikuwa rahisi kununua, na Microsoft Access ilipotoka Novemba 1992 iliuzwa kwanza kwa dola 99 ili iwafukuze wengine sokoni, ikafaulu. Hoja hii ina nguvu, na sitaipuuza. Bei inaeleza programu ilivyoingia mlangoni. Haielezi kwa nini ofisi ileile, baada ya miaka mitatu au minne, ililipa mara kadhaa ya bei hiyo ili kuitoa. Access ni mfano mzuri. Hadi toleo la 2000, kufuli lake halikushika rekodi bali ukurasa wa diski wa kilobaiti 2, wenye rekodi kadhaa ndani. Karani akibadili rekodi ya mteja mmoja, majirani zake kwenye ukurasa huo wanafungika, na mwenzake anaambiwa rekodi ambayo hakuna aliyeigusa inatumika. Ukiwa na watu watatu huioni shida. Ukiwa na ishirini, inakuwa wimbo wa kila siku. Kwenye karatasi Access iliruhusu watumiaji 255 kwa pamoja, na sidhani kuna msimamizi wa mtandao aliyewahi kuiamini namba hiyo. Bei ilinunua miaka ya mwanzo. Ushirika ndio uliopanga muda wa kuishi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: SQL ilishinda, na ni lugha ya wana nadharia, basi nadharia ndiyo iliyoamua. Tazama ilishinda lini, na wapi. Kwa takriban miaka kumi ya kuwepo sokoni, SQL haikuwatikisa watu wa dBASE. Ilianza kuwatoa pale kanzidata yenyewe ilipohamia ndani ya seva: Oracle ilianza kufanya kazi kwa mtindo huo na toleo la 5 mwaka 1985, na Sybase ikaileta sokoni seva yake mwaka 1987. Katika mpangilio huo kompyuta ya mezani haigusi faili. Inatuma ombi la maneno machache, seva inatafuta, inafunga, inaandika kumbukumbu ya badiliko kabla ya kulitekeleza, na inarudisha jibu tu. Mashine ya karani ikizima, seva inafuta nusu iliyokwisha kuandikwa na wengine tisa hawajui kilichotokea. Na kwa mpangilio kama huo unahitaji lugha inayosema unachotaka bila kusema utembee vipi ndani ya faili, kwa kuwa anayetembea sasa ni mwingine. Wazo la Codd lilifaa hasa hapo. Kwa hiyo nakubali kwamba nadharia ilishinda, ila ilishinda kwa kuwa ndiyo iliyobebeka kwenye waya kati ya karani na seva. Kama ofisi zingebaki na kompyuta ya mtu mmoja, sioni kwa nini zingeiacha dBASE.

MySQL inaonekana kuniumbua. Ilitoka mwaka 1995 kutoka kwa Michael Widenius na wenzake huko Sweden, ikifunga jedwali zima kila mara ya kuandika, bila miamala, na watungaji wake wakieleza bila aibu kwamba kazi nyingi hazihitaji vitu hivyo. PostgreSQL ilikuwepo bure vilevile, na kuanzia toleo la 6.5 la mwaka 1999 msomaji na mwandishi hawakuzuiana tena. Hata hivyo MySQL ndiyo iliyoshika seva za kukodi zilizobeba tovuti za dunia. Ila uliza kilichokuwa kikishirikiwa. Kwenye seva ya kukodi, mamia ya wateja wasiojuana waligawana kompyuta moja, kila mmoja na kanzidata yake ndogo, inayosomwa mara elfu na kuandikwa mara moja. Mwenye seva alitaka programu inayofungua na kufunga maunganisho upesi na kula kumbukumbu kidogo. MySQL ilitumia uzi mwepesi kwa kila unganisho, ilhali PostgreSQL ilianzisha mchakato mzima. Kufuli la jedwali halikumuumiza mtu ambaye wageni wake wanasoma tu. Watu walipoanza kuitumia kwa maduka na akaunti za fedha, yaani kazi za ofisi, ikalazimika kuongezewa InnoDB, injini ya kuhifadhi data, mwaka 2001, yenye miamala na kufuli la mstari, na toleo la 5.5 la mwaka 2010 likaifanya hiyo kuwa chaguo la kawaida. Mazingira ya kushirikiana yalibadilika, na programu ikabadilishwa iyafuate.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii ikiwa imeruka sura zake za mwanzo. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, baada ya hasara katika jitihada za kuweka hesabu za Serikali kwenye mashine, na hivyo ofisi nyingi zilikutana na kanzidata wakati ambapo kompyuta tayari ni kitu cha mezani. Maktaba za nchi zinazoendelea zilipata CDS/ISIS, ambayo UNESCO iliitoa kwa kompyuta ndogo kuanzia mwaka 1985 na kuigawa bure kwa taasisi zisizo za biashara. Ilikuwa hodari kwa maandishi marefu na vichwa vya mada, na kwa maktaba ambako mtu mmoja anaingiza vitabu na wengine wanatafuta tu, udhaifu wake katika kuandika kwa pamoja haukuonekana.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko magharibi ya Kenya. Februari 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliotengenezwa na Chuo Kikuu cha Moi kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Ulikuwa umeandikwa kwa Microsoft Access, kwenye kompyuta mbili zilizounganishwa, zikiwa na betri za akiba na umeme wa jua. Kwa kipimo cha wasomi ni chaguo la kudharauliwa. Kwa kipimo cha kituo kile lilikuwa sahihi: dawati la kuandikisha na dawati la kutokea, makarani wachache, na betri iliyohakikisha kwamba mashine haizimi katikati ya kuandika, ambalo ndilo jeraha kubwa la mafaili ya kushirikiwa. Watafiti waliopima kabla na baada walikuta ziara ya mgonjwa imefupika kwa asilimia 22 na muda wa kungojea kwa asilimia 38. Kisha tiba ya VVU ikaanza kukua chini ya mpango wa AMPATH, kliniki zikaongezeka, na fomu za karatasi zilizojazwa na wahudumu zikawa zinafika kwa makarani wengi wa kuingiza data kwa pamoja. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief walifika Eldoret, wakaona kwamba mfumo uliokuwepo hautabeba wingi huo, na wakaamua kuanza upya. Mfumo huo mpya, OpenMRS, ulioanza kazi Eldoret mwaka 2006, uliwekwa juu ya MySQL, kwenye majedwali ya InnoDB, na makarani wakaufikia kwa kivinjari huku seva pekee ikiandika diskini. Waliochagua Access miaka mitano nyuma walikuwa na mashine mbili za kushirikisha. Waliochagua MySQL walikuwa na chumba kizima cha makarani, na fomu zilizokuwa zikiongezeka kila mwezi.